STESHENI YA MACKINNON ROAD, NA STESHENI TUNAYOINGOJA LAMU

Bwana Mhariri,

Tafadhali unipe nafasi katika kijarida chetu cha chama niseme maneno yangu juu ya stesheni moja ndogo. Najua wenzangu wengine watacheka, watasema, Mtu wa Lamu ana habari gani ya stesheni, na kwao hakuna hata taruma moja lililolazwa chini? Ni kweli. Mimi nilizaliwa Manda, kisiwa kinachotazamana na mji wa Lamu, na baba yangu alikuwa mchonga mawe ya kujengea nyumba. Kwetu safari ni mashua, mzigo ni punda. Nilisoma shule ya misheni mpaka nikamaliza darasa la nane, na gari la moshi la kwanza nililoliona lilikuwa katika picha ya kitabu cha kusomea. Lakini leo nimekwisha fanya kazi ya njia zaidi ya miaka 10, nimeshika sururu na beleshi na spana, na nimelala katika landi za stesheni ambazo wasafiri wengi hawajui hata majina yake.

Kila nikipata likizo nikirudi nyumbani, yuko mzee mmoja gatini ambaye hunisalimu, akaniuliza habari za kazi, kisha huniuliza neno lile lile: "Mwanangu, gari lenu la moshi limefika wapi?" Alianza kuniuliza hivyo tangu nilipoajiriwa. Zamani nilikuwa nikimjibu, "Laja, mzee." Siku hizi nanyamaza. Tena nimeona vijana wa rika la mdogo wangu wamekaa barazani wakingoja gari hilo, hawataki kujifunza kazi nyingine, maana wamesikia stesheni itajengwa na kila mtu ataandikwa. Ndiyo sababu nimeona afadhali niandike. Watu wa kwetu hufikiri stesheni ni jengo. Wadhani likijengwa, basi mambo yamekwisha. Mimi nataka kuwaeleza habari za stesheni iliyojengwa, nao waone kama yamekwisha.

Stesheni yenyewe ni Mackinnon Road. Iko katika Kaunti ya Kwale, upande wa Kinango, umepita nusu ya safari utokapo Mombasa kwenda Voi. Ni nyika ya Taru, nchi ya miiba na udongo mwekundu, na maji ni shida. Ukiulizwa kwa nini stesheni iwekwe mahali kama hapo, huwezi kusema ni kwa ajili ya mji, maana mji haukuwako. Iliwekwa kwa sababu gari la moshi haliwezi kwenda tu bila kupumzika na kupishana na jingine. Njia ni moja, na gari la kwenda na gari la kurudi lazima yapate mahali pa kupishana. Basi stesheni ndogo nyingi za njia yetu zilizaliwa hivyo. Si abiria waliozitaka, ni gari.

Sasa tazameni jina lake. Sir William Mackinnon alikuwa Mskoti, tajiri wa meli, tena mkuu wa ile Kampuni ya Kiingereza iliyopata hati ya Malkia mwaka 1888 ya kutawala na kufanya biashara katika nchi zetu. Kampuni ilianza kukata barabara kutoka pwani kwenda bara mwaka 1890, na barabara ile ikaitwa kwa jina lake. Ndipo mahali pale pakaitwa Mackinnon Road. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1893, na reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896. Yaani jina lililoandikwa katika ubao wa stesheni ni la mtu ambaye hakuliona hata taruma moja la reli hiyo.

Wala si hayo tu. Watu wengi hawajui ya kuwa reli ya kwanza ya Kenya haikuwa hii. Mwaka ule ule wa 1890 Kampuni ilianza kutandika kireli chembamba cha futi 2 upande wa bara ya Mombasa, kwa sherehe na maneno makubwa ya kufika Afrika ya kati. Kilifika kadiri ya maili 7 kikaachwa. Fedha za Kampuni hazikutosha, na mwaka 1895 Serikali ya Uingereza ikachukua nchi mikononi mwake. Vile vyuma viling'olewa vikapelekwa kisiwani Mombasa, vikafanywa njia ya vitoroli vya mjini, na vitoroli hivyo vilisukumwa na watu huku mabwana wamekaa juu chini ya kivuli. Wazee wa Mombasa walikuwa wakivikumbuka sana. Mimi nikikumbuka jambo hili husema moyoni, Kumbe kazi ya kuanza reli na kuiacha si ya leo.

Reli yenyewe, ile tunayoiita reli ya zamani, ilipita nyika ya Taru mwaka 1897, na mwisho wa mwaka huo ilikuwa imefika Voi. Wafanya kazi waliopita hapo walikuwa Wahindi wa mkataba na Waafrika. Wahindi walioletwa kwa kazi ya reli nzima mpaka Kisumu, ambako njia ilifika mwezi wa Desemba 1901, walikuwa karibu 32,000, na kadiri ya 2,500 kati yao walikufa. Hesabu hiyo yajulikana kwa sababu mkataba ulikuwa na karatasi, na mtu akifa karatasi yake yafungwa. Waafrika waliobeba mizigo na kukata miiba na kuchimba udongo hawakuandikwa namna ile. Katika Taru watu waliteseka kwa kiu, maana maji yaliletwa na gari la moshi kutoka nyuma, na gari likichelewa, kazi husimama na watu hukauka midomo. Simba wa Tsavo wa mwaka 1898 wana vitabu na sinema, lakini kiu ya Taru haina sinema. Mimi nadhani sababu ni kwamba simba aliuawa na Mzungu mwenye bunduki, na kiu haina aliyeiua.

Lakini liko jambo moja Mackinnon Road ambalo halipatikani katika stesheni nyingine ninazozijua. Karibu kabisa na njia ya reli uko msikiti, na ndani yake kaburi la mfanya kazi wa reli. Jina lake Sayyid Baghali Shah, Mhindi aliyekuja kufanya kazi katika ujenzi. Wenyewe husema alikuwa mtu wa Mungu, na wenzake waliona karai lake la udongo likielea juu ya kichwa chake bila kugusa nywele, wengine wakibeba kwa shingo na jasho. Alipokufa akazikwa pale pale penye kazi. Mpaka leo Waislamu wa kila kabila husimama kuomba dua, na wasafiri wa mabasi ya njia kuu ya Mombasa na Nairobi hushuka pale wakanywa maji na kutoa sadaka. Katika kazi yetu iko habari ya zamani kwamba gari la moshi likipita pale bila kupiga honi, litapata taabu mbele. Mimi si Mwislamu, na mambo ya karai siyajui. Lakini nimesikia madereva, Wakristo kwa Waislamu, wakipiga honi pale, na hakuna aliyeandikiwa amri na ofisi.

Basi fikirini wenzangu. Ubao una jina la tajiri. Anayepigiwa honi ni mbeba karai.

Sasa niwaeleze stesheni ndogo ilivyokuwa ikiishi, maana hapa ndipo watu wa kwetu hawajui. Stesheni ilikuwa na stesheni masta na karani wake, na pointimani wa kugeuza njia. Walikuwako mtu wa taa na mpiga kengele. Nje kidogo ilikuwako landi ya gangi, nyumba za safu moja, chumba kwa chumba, na nyapara wao. Gangi walikuwa na maili zao za kuangalia. Asubuhi hutembea juu ya njia, hugonga na kukaza, hubadilisha taruma lililochoka, hujaza kokoto mahali palipozama. Mvua ikinyesha usiku, na katika Taru mvua ikija huja kwa hasira, watu hao hutoka na taa kutazama kama maji hayakuchukua udongo chini ya reli. Abiria wamelala, na wengine wamelala katika behewa la daraja la kwanza kwa shuka nyeupe, hawajui kama yuko mtu amesimama matopeni na taa ili wao waamke Mombasa salama.

Dereva hakuwa na ruhusa ya kutoka stesheni bila kibali cha njia mkononi. Kibali hicho ndicho kilichomhakikishia ya kuwa hakuna gari jingine mbele yake. Karani mdogo wa stesheni ya porini, mwenye mshahara mdogo, ndiye aliyekuwa ameshika roho za mamia ya watu. Nimesikia watu wasemao kazi ya stesheni ndogo ni kazi ya kulala. Natamani wangekaa usiku mmoja na simu ile.

Mwaka 1947 stesheni yetu ilipata ghafula kazi ambayo haikuitazamia. Mwezi wa Januari mwaka huo Mombasa nzima ilikuwa imegoma, watu wa bandari na reli na mahoteli na waboi wa nyumbani, na kutoka mgomo ule Chege Kibachia na chama chake wakajulikana nchi nzima. Haikupita muda, Waingereza wakaamua kujenga ghala kubwa la vitu vya jeshi pale Mackinnon Road. Walikuwa wakiondoka India na Palestina, na hata Misri walikuwa hawana uhakika nayo, wakatafuta mahali pa kuweka silaha na magari na vyombo vyao. Nyika ikafyekwa, mabanda yakajengwa, maelfu ya vibarua wakaletwa. Stesheni iliyokuwa ya kupishana ikawa na pilika kama mji. Wachuuzi wakaja, na wapishi wa chai, na mafundi viatu. Nina hakika walikuwako waliosema, Sasa Mackinnon Road imeamka, haitalala tena.

Baada ya miaka michache shauri likabadilika huko London, na kazi ikaachwa. Vibarua wakarudi makwao. Mabanda yakabaki.

Na mabanda matupu hayakosi mtu wa kuyatafutia matumizi. Tarehe 24 Aprili 1954 Serikali ya kikoloni ilizingira Nairobi katika ile operesheni iliyoitwa Anvil, ikakamata watu kwa maelfu, wengi wao wafanya kazi, makarani, madereva, vibarua wa kila namna, na wanachama wa vyama vya wafanya kazi. Walipelekwa katika kambi za Langata, Manyani na Mackinnon Road. Kwenda Manyani na Mackinnon Road ni kwa njia yetu ya reli. Mabehewa yalitiwa waya madirishani. Jambo hili huniuma kila nikilifikiri, maana gari halikujiendesha. Yuko aliyewasha moto, yuko aliyegeuza pointi, yuko aliyempa dereva kibali cha njia. Wafanya kazi waliwachukua wafanya kazi wenzao kwenda kifungoni, na kukataa kulikuwa ni kuingia wewe mwenyewe ndani ya behewa lile. Siwalaumu. Sina haki ya kuwalaumu. Lakini sipendi kusoma historia ya reli iliyoandikwa kama kwamba gari za mwaka 1954 zilichukua kahawa na pamba tu.

Sisi wa Lamu jambo hili latuhusu pia. Kisiwa changu cha Manda, ambacho leo wageni hukijua kwa uwanja wa ndege na hoteli za pwani, kilikuwa na kambi ya watu waliofungwa bila hukumu wakati ule ule wa Hali ya Hatari. Kutoka Mackinnon Road mpaka Manda hakuna reli, lakini Serikali ilizifunga sehemu hizo mbili kwa kamba moja. Nilipokuwa mtoto tulicheza karibu na magofu ya Takwa na hakuna mwalimu aliyetueleza habari ya kambi. Nilizisikia nikiwa mtu mzima, katika landi ya reli, kwa mzee mmoja aliyestaafu.

Miaka ya 1950 ndiyo iliyokuwa miaka ya fahari ya njia hii kwa upande wa injini. Mwaka 1955 zilianza kufika zile Garratt za darasa la 59, zote 34, zenye majina ya milima ya Afrika Mashariki, na wajuzi husema hazikupata kuwako injini za mvuke kubwa kuliko hizo katika reli ya mita moja popote duniani. Moja yao, Mount Gelai, iko katika nyumba ya makumbusho ya reli Nairobi. Nimesimama karibu yake, na mimi ni mtu mrefu, gurudumu likanifika kifuani. Injini ya mvuke hula na kunywa, na kila inapokula na kunywa pana watu wa kuihudumu. Ilipokuja dizeli, na mvuke ukaisha, injini ikawa yapita stesheni ndogo kama tajiri apitaye mlango wa maskini. Nasema hivi bila kuitukana dizeli, maana mvuke ulikuwa unawaua mafayamani kwa joto. Lakini kila mashine mpya imekula kazi ya stesheni ndogo, na hakuna aliyewauliza watu wa stesheni ndogo.

Na ofisi nazo zilibadilika. Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliungana na za Tanganyika pamoja na bandari. Mwaka 1969 bandari zikatengwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na watu waliokuwa wamefanya kazi chini ya kofia moja wakaambiwa kila mtu ashike nchi yake, na pensheni za wengi zikawa safari ndefu ya barua na kesi. Mwaka 1978 likaundwa Shirika la Reli la Kenya. Mwaka 2006 uendeshaji wa gari ukapewa kampuni kwa mkataba wa miaka 25, na mwaka 2017 mkataba huo ulikuwa umevunjwa, haukufika hata nusu. Katika kila badiliko hilo ubao wa Mackinnon Road ulibaki ule ule. Waliobadilika ni watu waliokuwa chini ya ubao. Leo wako 10, kesho wako 4, kesho kutwa yuko askari wa kulinda.

Mwisho ukaja tarehe 31 Mei 2017, ilipofunguliwa reli mpya ya Mombasa na Nairobi, njia pana, iliyojengwa kwa mkopo wa benki ya China. Gari zake ni nzuri, nazisifu, na safari iliyokuwa ya usiku mzima sasa ni ya saa tano au sita. Gari la mchana linalosimama njiani huchukua abiria Mariakani, kisha Miasenyi, kisha Voi. Mackinnon Road halisimami. Mama mwenye mbuzi na kapu la mkaa, ambaye zamani alipanda behewa la daraja la tatu kwenda Mazeras au Mombasa, sasa yu katika matatu au juu ya lori. Reli iko juu ya tuta nene, yeye huitazama kutoka chini.

Nilipopita hapo mara ya mwisho nilishuka kusudi. Msikiti ulikuwa umejaa, mabasi mawili yamesimama, watoto wanauza maji ya chupa na korosho. Nikatembea mpaka stesheni. Nyasi zimeota baina ya mataruma. Nikaona mtu anafagia mbele ya mlango, nikamwuliza, Bwana, unamfagilia nani? Akanijibu, "Ndugu yangu, nikiacha kufagia watasema hapana mtu." Tukacheka wote wawili, lakini yeye alinyamaza kabla yangu.

Sasa nije nyumbani.

Tarehe 2 Machi 2012, marais Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, walikuja Lamu kuweka jiwe la mradi wa LAPSSET: bandari, barabara, bomba la mafuta, viwanja vya ndege, na reli ya kutoka Lamu kupita Garissa na Isiolo, kisha tawi moja kwenda Ethiopia na jingine Sudan Kusini. Siku hiyo ndiyo iliyomfanya mzee wa gatini aanze kuuliza gari la moshi. Bandari imejengwa kweli, hakuna awezaye kukataa. Gati la kwanza pale Magogoni lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na magati matatu yamekwisha jengwa kati ya 32 yaliyotajwa katika mpango. Barabara ya Garsen na Witu imetiwa lami. Lakini reli? Hakuna.

Na wakati sisi tunangoja, wenzetu hawakungoja. Ethiopia ilifungua reli yake ya umeme kwenda Djibouti mwezi wa Oktoba 2016. Uganda, ambayo mafuta yake tulidhani yatapita kwetu, mwaka huo huo ilichagua bomba lake liende Tanga. Hata reli mpya ya kutoka Nairobi ilipofika Suswa mwaka 2019 ilikaa hapo, na wote mnajua. Sisemi reli ya Lamu haitajengwa. Nasema mtu asiuze shamba wala asiache chuo kwa ajili ya stesheni iliyo katika ramani. Shamba tulikwisha ona. Baada ya bandari kutangazwa, ardhi ya Lamu ilitafutwa kama mchele wakati wa njaa, mpaka mwaka 2014 Serikali yenyewe ikatangaza kufuta hati za makampuni 22 yaliyokuwa yamepewa kadiri ya ekari 500,000. Wenye makampuni walikuwa wameisoma ramani mapema kuliko mvuvi wa Pate.

Wavuvi nao wametufundisha. Walipoona bandari yachimbwa na mikoko yakatwa na maji ya kuvulia yafungwa, hawakukaa gatini wakilalamika tu. Walikwenda mahakamani, Bwana Mohamed Ali Baadi na wenzake, na mwezi wa Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kuwa haki zao zilivunjwa, na kwamba wavuvi kadiri ya 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Ni ushindi mkubwa. Lakini kesi ilichukua miaka, na baada ya hukumu ikaja rufani na mazungumzo mengine tena, na samaki hawakungoja hukumu. Mimi najifunza hivi: walidai baada ya kuchimbwa. Sisi wa reli tunayo nafasi ambayo wavuvi hawakuipata, kwa kuwa reli yetu haijachimbwa. Twaweza kusema mapema.

Watu wa tawi wameniambia, Usiseme mapema, utawafukuza wenye fedha. Neno hili nalijua. Vibarua wa mwaka 1947 huko nyikani waliambiwa vile vile, bila shaka, kwamba wafurahi kupata posho. Mimi nataka reli Lamu kuliko wao. Ni kazi yangu, na ningependa siku moja nihamishwe nifanye kazi karibu na wazazi. Lakini nimefanya kazi katika stesheni ndogo na najua zinavyokufa. Hufa mahali ambapo watu wake hawakuwamo katika mapatano. Nyumba ni za ofisi, maji ni ya ofisi, shule ni ya watoto wa walio kazini. Basi ofisi ikihama, huhama na ndoo.

Kwa hiyo naomba mambo haya yaletwe katika mkutano wa tawi, na katibu ayaandike. Kwanza, vijana wa Lamu wapelekwe kusoma kazi ya reli sasa. Wajifunze ishara, umeme, kupima njia na kuendesha, wasingoje siku ya kubeba kokoto. Mtu akingoja siku ya ujenzi ataandikwa kibarua, na kibarua huisha na ujenzi. Na kijana akisoma kazi hiyo na reli isije, ataajiriwa Voi au Dar es Salaam, ujuzi hauozi. Pili, maji ya stesheni yakichimbwa yawe ya kijiji pia, kwa hati, kabla ya mtu yeyote kukata utepe. Wenye nchi ya Hindi na Mkunumbi wajua kiu kama watu wa Taru. Tatu, gari la mzigo lisiwe sababu ya kumnyima mama wa kapu mahali pa kupanda. Lazima kila gari la abiria litakalopita lisimame mahali penye watu, hata kama ni dakika mbili. Mhandisi atasema dakika mbili ni hasara. Na aseme, nasi tujibu. Mambo mengine, kama mishahara ya saa za usiku, chama kinayajua kuliko mimi, sitayarudia.

Jambo la mwisho ni la majina. Stesheni ya Lamu ikijengwa itapewa jina, na nina hofu itapewa jina la mkubwa, kama ilivyo desturi. Nimenunua daftari la kurasa 96, na nimeanza kuandika majina ya watu wa visiwa vyetu waliofanya kazi ya reli na bandari, wa Amu, Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, Manda na bara yake, pamoja na mahali walipofanya kazi na kazi yenyewe, awe nyapara au mfagiaji. Mpaka sasa nina majina 31, na 9 kati yao ni marehemu. Mwenye baba au ami au mjomba aliyefanya kazi hiyo amlete jina, au amlete mwenyewe kama yu hai na anaweza kutembea. Daftari liko kwa karani wa tawi, katika kabati la chini, na ufunguo anao yeye. Likizo yangu yaisha tarehe 14, baada ya hapo nitakuwa njiani.

Ni mimi,
Mfanya kazi wa njia, mwenyeji wa Manda